Malkia Aliyekata Rufaa

Jumapili ya 27 ya Mwaka B
Injili: Marko 10:2-16



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya leo inatuweka mbele ya swali la zamani sana. Mafarisayo wanamwendea Bwana wetu na kumwuliza kama ni halali mtu kumwacha mkewe. Hawaulizi wapate kujua, bali wapate kumnasa. Naye Bwana hawajibu kwa kuhesabu sababu zinazotosha na zisizotosha. Anawarudisha nyuma kabisa, hata mwanzo wa uumbaji, anawaonyesha mwanamume na mwanamke ambao Mungu mwenyewe aliwafanya kuwa mwili mmoja, na kuwakumbusha kuwa kazi ya Mungu haivunjwi kwa amri ya binadamu. Neno hilo liliwaelemea hata wanafunzi wake. Walipoingia nyumbani walimwuliza tena, labda wakitumaini kwamba faraghani atalegeza. Hakulegeza.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alikuja ofisini kwangu parokiani akiwa na barua mkononi. Ilitoka katika mahakama ya Kanisa ya nchi ya mbali, alikokuwa akiishi mumewe. Barua ilimwarifu kwamba mumewe ameomba ndoa yao itangazwe kuwa ilikuwa batili tangu mwanzo. Mama huyo alikuwa na miaka 19 ya ndoa na watoto wanne. Aliniuliza maswali mawili. La kwanza: “Padre, wakisema haikuwa ndoa, wanangu watakuwa nani?” La pili aliliuliza kwa sauti ya chini: “Je, mimi ninaruhusiwa kukataa?”

Leo ningependa kuyajibu maswali hayo mawili hadharani, maana najua si yeye peke yake anayejiuliza. Nami nitayajibu kwa kuwasimulia kisa cha mwanamke mwingine, aliyeishi zaidi ya miaka 800 iliyopita, ambaye naye aliambiwa kwamba ndoa yake haikuwa ndoa.

Mwaka 1193 Ufaransa ilitawaliwa na Mfalme Philippe wa Pili, ambaye historia inamwita Philippe Auguste. Alikuwa mgane. Mkewe wa kwanza, Isabelle wa Hainaut, alifariki mwaka 1190 katika kujifungua, akimwachia mwana mmoja tu. Philippe alikuwa katika uhasama mkubwa na mfalme wa Uingereza, na watu wa Denmark walikuwa na merikebu nyingi. Basi akaposa huko, akapewa Ingeborg, dada yake Mfalme Knud, binti wa miaka ipatayo 18. Arusi ilifungwa mjini Amiens tarehe 14 Agosti, mkesha wa Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni. Kesho yake, katika ibada ya kumtawaza malkia mpya, waliokuwapo walimwona mfalme amebadilika rangi na kutetemeka. Ibada ilipokwisha, alikuwa amekwisha kuamua kwamba mwanamke yule hamtaki. Kwa nini? Waandishi wa wakati ule walibuni mengi, lakini sababu yenyewe mfalme alikwenda nayo kaburini.

Lakini mfalme Mkristo hawezi kusimama na kusema tu kwamba hamtaki mkewe. Ilibidi itafutwe njia, na njia ilikuwapo. Sheria ya Kanisa ya nyakati zile ilikataza watu kuoana ikiwa wana undugu wa damu, au wa ukwe, hata daraja ya saba. Tafakarini jambo hilo: ni nani awezaye kuwataja mababu zake hata kizazi cha saba, pamoja na matawi yake yote? Jamaa za kifalme za Ulaya zilikuwa zimeoana mno hata karibu kila ndoa yao ingeweza kuonekana kuwa na kasoro, kama mtu akitaka kuiona. Sheria iliyowekwa ili kulinda usafi wa ndoa ikawa mlango wa nyuma wa kutokea.

Hivyo, tarehe 5 Novemba 1193, kabla miezi mitatu haijatimia, baraza la maaskofu na wakuu lilikutana Compiègne. Mwenyekiti wake alikuwa Askofu Mkuu wa Reims, naye alikuwa mjomba wa mfalme. Mashahidi, wengi wao wakiwa jamaa na watumishi wa mfalme, waliapa kwamba Ingeborg alikuwa na undugu na marehemu Isabelle. Ndoa ikatangazwa kuwa batili. Ingeborg alikuwapo, lakini hakuelewa lililokuwa likisemwa, kwa kuwa Kifaransa hakukijua na hakuwa na mtu wa kumsemea. Alipofasiriwa hukumu, alilia. Kisha, kwa maneno machache ya Kilatini aliyoyajua, akaulaani uovu wa Ufaransa na kulitaja mara mbili jina la Roma. Maana yake ilieleweka na wote: alikuwa anakata rufaa kwa Baba Mtakatifu.

Wapendwa wasikilizaji, lile neno moja, Roma, liligharimu miaka 20.

Tusifiche udhaifu wa wachungaji wenyewe. Maaskofu wa Compiègne walimwogopa mfalme kuliko walivyomwogopa Mungu. Papa Selestini wa Tatu, mzee sana, alipokea kutoka kwa wajumbe wa Denmark nasaba zilizoonyesha kwamba undugu ule haukuwapo, na mwaka 1195 akaitangua hukumu ya Compiègne. Lakini hakuchukua hatua zaidi. Mwezi Juni 1196 mfalme akamwoa Agnès wa Merania kana kwamba hakuna lililotokea. Ingeborg alihamishwa huku na huku, mara katika monasteri, mara katika ngome. Askofu mmoja aliyemhurumia aliandika kwamba binti huyo wa wafalme alishinda akisali, akisoma na kufanya kazi za mikono, na kwamba alilazimika kuuza mavazi yake apate riziki.

Mambo yalibadilika mwezi Januari 1198, alipochaguliwa Papa Inosenti wa Tatu. Huyu alimwamuru mfalme amrudie mke wake wa halali, na mfalme alipokaidi, Papa aliiwekea nchi yake adhabu nzito. Tangu Januari hadi Septemba 1200, katika sehemu kubwa ya Ufaransa, milango ya makanisa ilifungwa, kengele zikanyamaza, wafu hawakuzikwa kwa ibada; watoto wachanga tu walibatizwa na waliokuwa kufani wakaungamishwa. Ilikuwa adhabu iliyowaumiza maskini wasio na hatia, na leo Kanisa halitumii njia hiyo. Lakini pimeni uzito wa jambo lenyewe: taifa zima lilitikiswa kwa sababu ya haki ya mwanamke mmoja mgeni, asiye na jeshi, aliyefungiwa ndani na mumewe.

Mfalme akajifanya ametii. Mwaka 1201 shauri lilisikilizwa Soissons. Ilipoonekana kwamba hukumu itamwelemea, Philippe alimchukua Ingeborg alfajiri moja, akampandisha farasi, akaondoka naye akitangaza kwamba amempokea. Baraza likavunjika. Naye malkia akapelekwa kufungwa tena, na baadaye akawekwa katika ngome ya Étampes. Mwaka 1203 alimwandikia Baba Mtakatifu kwamba hapati chakula cha kutosha, hapewi tabibu wala nafasi ya kuoga, nguo hazimtoshi, na walinzi wanamtukana. Akaongeza ombi linalogusa moyo: ikiwa siku moja, kwa kuteswa au kwa kutishwa, atatamka lolote la kuikana ndoa yake, basi neno hilo lisihesabiwe. Alijua kwamba mwili una mwisho wa uvumilivu, lakini alitaka ukweli ubaki ukweli hata kama yeye mwenyewe angeanguka.

Agnès alikwisha kufariki mwaka 1201, na Papa aliwatambua watoto wake wawili kuwa watoto halali wa mfalme, ili dhambi ya baba isiwe fedheha ya watoto. Philippe alizidi kutafuta njia nyingine. Alidai hata kwamba uchawi ulimzuia kukaa na mkewe kinyumba. Ingeborg alilikana hilo, na Roma haikukubali. Hatimaye, mwaka 1213, mfalme alimrudishia heshima ya umalkia, kwa sehemu kwa sababu za siasa, maana alikuwa akijiandaa kuivamia Uingereza na aliihitaji tena Denmark. Hakumrudishia mapenzi. Philippe alikufa mwaka 1223. Ingeborg aliishi miaka mingine zaidi ya kumi, akiheshimiwa na wafalme waliofuata kama malkia mjane, akajenga nyumba ya watawa karibu na Corbeil, na huko akazikwa.

Huenda mtu akauliza: alipata faida gani? Aliupoteza ujana wake, wala hakuzaa mtoto. Ni kweli, wala mimi sithubutu kuupamba msalaba wake kwa maua. Lakini alipata jambo ambalo mfalme, kwa nguvu zake zote, alishindwa kumnyang'anya: neno alilolitamka mbele ya Mungu halikugeuzwa kuwa uongo. Na hata baada yake, wengi walivuna alichopanda. Mwaka 1215, miaka miwili tu baada ya yeye kutoka kifungoni, Papa yule yule Inosenti aliitisha Mtaguso Mkuu wa Nne wa Laterano. Mtaguso ukapunguza daraja za undugu zinazozuia ndoa kutoka saba hadi nne, ukaagiza kwamba ndoa zitangazwe kwanza kanisani, na ukakataza ushahidi wa kusikia kwa watu katika mashauri ya undugu. Ule mlango wa nyuma ukazibwa kwa sehemu kubwa. Matangazo ya ndoa tunayoyasikia parokiani kila Jumapili, na pengine tunayasikiliza tukiwa tumechoka, yana mizizi katika machozi ya watu kama Ingeborg.

Kanisa liliendelea kujifunza. Catherine wa Aragon naye, mwaka 1529, alipiga magoti mbele ya Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, kisha akakata rufaa Roma. Mwaka 1534 Papa Klementi wa Saba alitamka kwamba ndoa yake ni halali, ingawa Kanisa lilikuwa likiipoteza nchi nzima. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento ukaagiza kwamba ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi, ili mtu asiweze kuikana ndoa iliyofungwa gizani. Na mwaka 1741 Papa Benedikto wa 14 akaweka jambo la hekima kubwa. Aliona kwamba katika mashauri mengine mume na mke wote wawili hutaka kuachana, na hivyo hakuna wa kuitetea ndoa yenyewe. Akaamuru kila jimbo liwe na mtetezi wa kifungo cha ndoa, mtu ambaye kazi yake ni kusimama mahakamani na kueleza kila linaloweza kusemwa kwa haki kwa ajili ya ndoa hiyo. Ingeborg alisimama Compiègne bila msemaji; tangu mwaka 1741, ndoa ina wakili wake.

Wakati Kanisa likijenga hivyo, dunia ilikuwa ikibomoa. Katika nchi ile ile ya Ufaransa, tarehe 20 Septemba 1792, wakati wa Mapinduzi, ilipitishwa sheria ya talaka iliyomruhusu hata mmoja wa wanandoa kuomba talaka kwa kusema tu kwamba tabia zao hazipatani. Alichokitafuta Philippe kwa miaka 20 asikipate, raia yeyote sasa alikipata kwa miezi michache. Talaka ilifutwa mwaka 1816, ikarudishwa mwaka 1884. Kisha mwaka 1969 gavana wa jimbo la California huko Marekani, Ronald Reagan, alitia sahihi sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1970, ambayo iliondoa haja ya kuthibitisha kosa lolote. Ilitosha kudai kwamba kuna tofauti zisizopatanishika. Majimbo mengine yalifuata moja baada ya jingine, hata New York, lililokuwa la mwisho, mwaka 2010.

Tuwatendee haki waliotunga sheria hiyo. Walichoshwa na uongo wa mahakamani, ambako watu walikuwa wakinunua mashahidi wa uzinzi usiokuwapo, na waliwahurumia wanawake waliofungwa na waume wakatili. Lakini dawa ilizaa ugonjwa mwingine. Sheria inaposema kwamba hakuna kosa, yule aliyeachwa bila kosa hana la kujibu. Mmoja akisema imekwisha, imekwisha. Mwenzake anaitwa mahakamani kugawana vyombo na siku za kukaa na watoto. Haitwi kuulizwa kama ndoa ipo. Ingeborg wa siku hizi hana Roma ya kuililia.

Na je, sisi wenyewe tumekuwa salama? Hapana budi kusema kweli. Kutangaza ubatili wa ndoa si talaka. Talaka hudai kuvunja kifungo kilichopo; hukumu ya ubatili husema kwamba kifungo hakikuwahi kuwapo, kwa mfano kwa kuwa binti alilazimishwa na wazee wake, au mmoja alificha kwa hila jambo zito ili akubaliwe, au hakuwa na uwezo wa akili wa kujifunga. Hizo ni haki za kweli, wala mtu asimwonee haya mwamini anayezitafuta kwa moyo mnyofu. Lakini huko Marekani, hukumu za namna hiyo mwaka 1968 hazikufika 500, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilizidi 50,000 kila mwaka. Ingawa baadaye zilipungua sana, watu wengi waliuliza kama ule mlango wa nyuma haukufunguliwa tena, safari hii si kwa jina la undugu, bali kwa jina la saikolojia. Papa Yohane Paulo wa Pili, akizungumza na mahakimu wa Rota ya Roma mwezi Februari 1987, aliwaonya wasichanganye kushindwa na ugumu: asiye na uwezo wa kujifunga kweli hakujifunga, lakini aliyeona ndoa kuwa ngumu si mtu asiyefunga ndoa. Mwaka 2015 Papa Fransisko alirahisisha utaratibu wa mashauri hayo ili maskini wasicheleweshwe kwa miaka. Lakini mtetezi wa kifungo hakumwondoa.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakubali talaka pale mahakama inaporidhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Hata hivyo inaagiza kwamba, isipokuwa katika hali maalumu, mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Mungu awabariki waliokumbuka kuliweka baraza hilo, maana lina desturi ya wazee wetu ndani yake: ndoa haikuwa mali ya wawili tu, na haikuvunjwa bila kikao. Lakini mabaraza mangapi yanasuluhisha kweli, na mangapi yanapiga mhuri tu ili watu waende mahakamani?

Sasa niyarudie maswali ya yule mama. Kuhusu watoto: Sheria ya Kanisa inasema wazi kwamba watoto waliozaliwa katika ndoa iliyodhaniwa kwa nia njema kuwa halali ni watoto halali, hata ikitangazwa baadaye kuwa batili. Hakuna hukumu inayoweza kuwafanya wawe si kitu. Kuhusu kukataa: ndiyo, mama, unaruhusiwa. Una haki ya kuitwa, ya kusikilizwa, ya kuleta mashahidi, ya kuwa na wakili, na ya kukata rufaa hata kwenye Rota ya Roma. Ni haki yako, wala mwenye kuitumia haoneshi ukaidi.

Yule mama aliandika majibu yake kwa mkono wake, kurasa sita. Shauri lilichukua muda, na mwisho mahakama ikaona kwamba ubatili haukuthibitishwa. Mumewe hakurudi. Mama anaishi na wanawe, na kila Jumapili anakaa benchi la tatu, pete ikiwa kidoleni. Kuna wanaomcheka. Mimi nikimwona, namkumbuka malkia wa Étampes.

Na wewe dada unayepigwa, usiyajue maneno haya kama kufuli ya kukufungia pamoja na anayekuumiza. Kanisa linaruhusu wanandoa kutengana pale ambapo mmoja anahatarisha mwili au roho ya mwenzake au ya watoto. Ondoka, jiokoe, waokoe wanao, nenda kwa paroko, nenda kwa wenye mamlaka. Ngome ya Étampes ilikuwa dhambi ya Philippe. Haikuwa sehemu ya Sakramenti. Kuutetea uaminifu si kuutetea ukatili.

Ndugu zangu, mtetezi wa kifungo hakai mahakamani tu. Wasimamizi wa ndoa, mlioketi meza kuu siku ya arusi na kupigwa picha, ninyi ni watetezi wa kifungo. Je, mmewahi kurudi katika nyumba ile tangu picha zile zipigwe? Wazazi, mnapompokea binti au mwana aliyekuja kushtaki mwenzake, mnatia maji au mnatia mafuta ya taa? Wanajumuiya, mnapoona nyumba imenyamaza, mnakwenda kubisha hodi au mnakwenda kusimuliana? Nanyi vijana mnaojiandaa, msimfiche padre lolote katika mahojiano kabla ya ndoa. Afadhali arusi iahirishwe leo kuliko kutafuta ubatili baada ya miaka 19.

Bwana anamaliza Injili ya leo kwa kuwakumbatia watoto wadogo na kuwabariki. Si bahati kwamba habari hizo mbili zimefuatana. Wakubwa walikuwa wakibishana juu ya talaka, na watoto walikuwa mlangoni wakingoja.

Tuombe. Ee Mungu, mwaminifu usiyelisahau agano lako, uwatie nguvu walioachwa, uwarudishe walioondoka, uwape wachungaji wako ujasiri wa kuhukumu kwa haki bila kuogopa mkubwa wala kumdharau mnyonge. Uwalinde watoto wetu wote. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.